Nyumba ya Mama Imepakwa Rangi ya Kuuzwa

Mpendwa mshauri Mama Hilaria, shikamoo. Naomba msaada wako kabla mwezi haujaisha. Ninavyoandika haya nimekaa juu ya ndoo tupu ya rangi kwenye kibaraza cha nyumba tuliyozaliwa, hapa Nyamwaga, na ndani mama yangu anapanga vikombe vyake kabatini huku akiimba wimbo wa kanisani, anaimba kwa furaha kabisa, naye hajui kwamba mimi na kaka yangu nyumba hii tumeshamwahidi mtu mwingine.

Jina langu ni Scholastica. Nafanya kazi Ikoma, karibu na geti la hifadhi, kwenye loji, na kazi yangu ni kuandaa vyumba vya wageni, kutandika, kukunja taulo, kuweka maua, kuhakikisha mgeni akifungua mlango asahau uchovu wa safari. Ni kazi ninayoipenda na ninaijua, na ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo.

Nyumba hii aliijenga marehemu baba yetu, mzee Werema. Aliuza maksai wake wa kulimia, wale waliokuwa sifa ya kijiji, watu wakamwambia amerukwa na akili, mtu anauzaje mikono yake, akawajibu kwamba maksai watazaliwa wengine lakini watoto wake hawatalala tena chini ya nyasi zinazovuja. Matofali tulifyatua wenyewe. Mama alikanyaga udongo na nguo ameifunga magotini, mimi na kaka Mniko tulibeba maji kutoka mtoni, na tanuru lilipowashwa baba hakutoka pale mpaka lilipoiva, chakula alipelekewa palepale, na mpaka leo nikisikia harufu ya tofali bichi linaloungua namuona baba na macho yake mekundu kwa moshi, anacheka.

Mama ndiye aliyeipamba. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, akiipiga polishi kwa magoti kila Jumamosi mpaka unajiona uso, halafu sisi tunakaa juu ya jani la mgomba, mmoja anavuta na mwingine anateleza kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma, mama anagomba huku anacheka. Kila Desemba, kabla ya Noeli, alikuwa anachanganya udongo mweupe na majivu, anachora kuta za nje kwa vidole vyake, mistari kama ya pundamilia na maduara kama ya vibuyu, na wapita njia wa barabara ya Mugumu walikuwa wanasimama kuangalia. Sebuleni kila kitu kilivaa kitambaa cha kufuma, makochi, redio, hata mtungi wa maji. Ukutani palikuwa na litungu la baba, ala yetu ya nyuzi ya Kikurya, ambalo alilipiga siku za wageni tu na akiwa ameshiba.

Basi baba akafariki, sisi tukawa tumeshatawanyika, mama akabaki peke yake na goti likaanza kumsumbua. Siku moja akaanguka akienda chooni, kwa sababu choo chetu kiko mbali huko nyuma ya migomba, akakaa chini kwenye tope mpaka jirani yetu Matiko alipomsikia anaita. Ndipo nikamchukua nikaenda kuishi naye Ikoma. Mama hakubisha. Lakini Ikoma kwangu ni chumba na sebule ya kupanga, majirani wanaongea Kiikoma na Kinata, mama anaokota neno moja moja, na tembo wakisogea mashambani hawezi hata kutoka uani. Alizoea kukaa mlangoni akiongea Kikurya na mbuzi wa watu. Nilikuwa nikirudi kazini namkuta anawaeleza mbuzi habari za migomba yake.

Mniko anaishi Mwanza. Alinipigia simu akasema, "Schola, nyumba isiyotoa moshi ni kaburi. Mchwa wameshapanda kwenye kenchi za paa. Tuiuze wakati bado ina paa, tumjengee mama chumba kizuri hapo Ikoma, choo ndani, asianguke tena." Sikuona ubaya wowote, Mama Hilaria, naapa sikuona. Mama tulimwambia tu kwamba tunaikarabati nyumba isije ikaanguka. Hilo halikuwa uongo, ila halikuwa habari yote.

Nikachukua likizo yangu nikaja huku na fundi Sospeter, na hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kunisumbua, kwa sababu fundi alipopitisha msasa sebuleni rangi za zamani zilianza kutoka moja baada ya nyingine. Kwanza ikatoka njano, ile tuliyopaka baba alipokuwa mgonjwa ili chumba kichangamke. Chini yake ikatoka kijani, ya mwaka ambao Mniko alitahiriwa na boma zima lilijaa watu na filimbi. Chini ya kijani ikatoka buluu, ya komunyo yangu ya kwanza, na kwenye ile buluu palikuwa na alama ya kiganja changu kidogo, maana niliegemea rangi ikiwa mbichi na baba akakataa isifutwe. Sospeter akaniuliza, "Dada, niendelee?" Nikatoka nje nikamwambia endelea.

Tukaendelea kweli. Tulizipiga skimu kuta zote, tukaweka dari la jipsamu, madirisha ya alumini, na ile sakafu nyekundu tukaifunika kwa marumaru nyeupe zinazong'aa kuanzia kibarazani mpaka chumba cha mwisho. Rangi nilichagua mwenyewe, ile tunayopaka vyumba vya wageni kazini, kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Vitambaa vya mama nilivikunja nikaviweka kwenye sanduku pamoja na vikombe vyake. Nikapanda maua mlangoni. Nilikuwa najiambia naipamba iuzike vizuri, lakini nilivyokuwa naosha vile vioo nilikuwa naona kama namuosha mtu ninayemuaga.

Mnunuzi alipatikana mapema. Anaitwa Mabula, Msukuma, alikuja Nyakunguru, hapa jirani, miaka mingi iliyopita kuchimba dhahabu kwenye mashimo, sasa ameacha mashimo, anataka kukaa mahali na mke wake Imelda na watoto, wameshachoka kulala kwenye chumba cha mabati. Ni watu wazuri, na hilo ndilo linalonikata. Imelda alipoingia mara ya kwanza alipapasa kuta kama anayepapasa mtoto, akaniuliza kama anaweza kutangulia kupanda mboga pale pembeni, ili wakihamia wakute zimekua. Nikamruhusu. Akapanda mchicha na sukuma wiki, akawa anakuja kumwagilia. Tukakubaliana kwamba mwisho wa mwezi Mabula atakuja na wazee wake tuandikishane.

Sasa jirani Matiko, bila nia mbaya, alimpigia mama simu Ikoma akamwambia nyumba yake inang'aa hadi barabarani. Mama hakuniambia kitu. Alipanda mchomoko, zile gari ndogo za abiria, goti lake hivyo hivyo, mimi niko ndani nafuta vioo nikasikia mtu mlangoni anasema, "Hodi wenyewe!"

Nikaitika, "Karibu!" bila kuangalia.

"Mwenye nyumba yupo?"

Nikageuka nikamuona mama yangu, amevua viatu ameviacha nje, amesimama ukingoni anaogopa kukanyaga marumaru.

"Mama! Ni mimi, Schola."

Akanitazama, akatazama dari, akatazama kuta. "Schola, hii ni nyumba yangu?"

Nikamwambia, "Ndiyo mama, ni yako."

Mama Hilaria, lile neno lilitoka lenyewe. Mama akapiga kigelegele ambacho sijakisikia tangu harusi ya Mniko. Akanishika mikono akanitemea mate viganjani, kama wazee wetu wanavyobariki. Akasema, "Nilijua hamjanitupa. Nilijua mnanirudisha." Akatoka nje akaita majirani, "Njooni! Mlisema watoto wangu wamenihamisha kama kuku wa mboga. Njooni muone walivyonifanyia!" Akaona ule mchicha akasema, "Hata mboga wamenipandia!" Watu wakaja, wakanipa mkono, wakasema laiti wangezaa watoto kama sisi. Mimi nikawa nacheka tu, na huku ndani naungua.

Nikampigia Mniko. Akasema, "Usimwambie sasa. Mrudishe Ikoma taratibu, tukishamaliza tutamweleza." Lakini mama harudi. Amefungua lile sanduku, ametoa vikombe vyake, ameshamtuma mtu amletee kuku wa kuanzia.

Halafu juzi Imelda akaja, amebeba mapazia, anataka kupima madirisha. Mama akampokea kwa furaha, akamkalisha, akampa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Imelda alidhani ni ndugu tu aliyekuja kututembelea. Mama akashika lile pazia akasema, "Zuri mno! Ni mwanangu amekuagiza uniletee?"

Imelda akaniangalia. Mimi nikaangalia chini. Basi yule dada alisimama juu ya stuli akatundika pazia dirisha la sebuleni, akamwambia mama, "Ndiyo mama, ni lako." Nikamsindikiza mpaka njiani. Akaniuliza, "Dada Schola, mama anajua?"

"Hajui."

"Sasa mimi ningelalaje humo ndani?" Akaondoka, hajaja tena kumwagilia, na mume wake nadhani hajaambiwa kitu kwa sababu jana amenipigia anaulizia habari za funguo.

Mama Hilaria, nifanye nini? Nikimwambia mama namuua. Nikinyamaza nawadhulumu hawa watu. Kaka anasema nisiharibu mpango. Na mimi mwenyewe, nikiwa mkweli, tangu niione ile alama ya kiganja sitaki tena nyumba hii iuzwe kwa yeyote, natamani nibandue marumaru zote nirudishe sakafu nyekundu, nivishe makochi vitambaa, iwe vile ilivyokuwa. Naomba unielekeze.

Mimi Scholastica, Nyamwaga.

JIBU LA MAMA HILARIA

Marahaba, Scholastica mwanangu. Shuka kwenye hiyo ndoo uingie ndani, maana mtu uliyepaswa kumwambia haya si mimi, yuko humo anapanga vikombe.

Nakupa pole, na ni pole ya kweli. Mimi pia nililelewa kwenye nyumba ya sakafu nyekundu, upande wa Musoma vijijini, na mama yangu pia alitugombeza kwa kuiteleza. Sisi tuliuza. Nikipita pale leo nageuza uso upande wa pili. Kwa hiyo najua kinachokuuma, na kwa sababu najua, sitakubembeleza.

Mmekosea, wewe na kaka yako. Unaniandikia kwamba "halikuwa uongo, ila halikuwa habari yote." Mwanangu, ukimpa mtu nusu ya habari ili asiulize nusu ya pili, umemdanganya. Nyumba ni ya mama yenu. Aliikanyagia udongo kwa miguu yake. Mumewe alipokufa mwenye nyumba hakufa. Mtaandikishana nini na Mabula, na nani ataweka dole gumba? Mkiuza bila mama kujua, mtaishia mbele ya baraza la ardhi, na mtu wa watu aliyeacha mashimo ili apate mahali pa kulea watoto atajikuta hana nyumba na hana haki. Mtakuwa mmeumiza nyumba mbili kwa mkupuo mmoja.

Na kitu kimoja ulikisema sawasawa bila kukusudia. Mama alipouliza kama ni nyumba yake ukajibu ndiyo. Lile ndilo jibu. Kilichobaki ni nyinyi muishi kama watu waliolisema.

Sasa huyo kaka yako anayetoa maagizo kutoka Mwanza. Mwambie Mama Hilaria anamsalimu na anamtaka apande gari. Wazo lake halikuwa baya. Alitaka mama asianguke tena, na hilo ni la mtoto mwenye akili. Lakini jambo la namna hii halisemwi kwa simu, wala dada hatangulizwi peke yake akapokee machozi. Kaeni wote wawili mbele ya mama, mchana kweupe, ameshakula. Msianze na mchwa wala na mnunuzi. Anzeni hivi: "Mama, tulipanga kuuza nyumba yako bila kukuuliza, na hatukufanya vema." Mkishasema, nyamazeni. Akikasirika msimkatize. Akilia msimwambie usilie. Hatakufa, Scholastica. Mwanamke aliyefyatua matofali ya nyumba nzima hauawi na ukweli wa watoto wake. Anachoweza kufa nacho ni aibu ya kuusikia barabarani.

Halafu mumuulize anataka nini, na muwe tayari kusikia jibu lolote. Hapa nakugeukia wewe. Akisema iuzwe, utakubali? Maana nimekusoma vizuri. Unataka kubandua marumaru, kurudisha vitambaa, kurudisha buluu na kiganja. Unataka kurudisha utoto wako, mwanangu, na unamtaka mama akae humo ndani akulindie. Mama yako haishi kwenye utoto wako. Anaishi kwenye goti lake. Uliipamba nyumba kwa jicho la mnunuzi, sasa usiipambe tena kwa jicho la mtoto aliyekuwa anateleza. Muulize anayekaa.

Tena nikupe la kazi, kwa kuwa wewe ni mtu wa vyumba. Hivi kweli! Mama mwenye goti bovu, unamtandikia marumaru zinazong'aa hadi kibarazani, mahali mvua inapopiga? Pale kazini kwenu mgeni akiteleza inakuwaje? Uliogopa sana jicho la mnunuzi ukasahau mguu wa mama. Kabla hujafikiria ua lingine hata moja, mwite Sospeter aondoe zile za kibarazani, amwage saruji ya kukwaruza. Aweke bomba la kushikia pale kwenye ngazi. Choo kisogezwe, kijengwe ukutani mwa nyumba, mlango wake utokee ndani ya nyumba, na simtanki la maji ya mvua liwe karibu yake. Kitanda kiwe cha urefu ambao akikaa miguu inagusa chini. Taa iwe na swichi anayoifikia akiwa amelala. Hayo hayapendezi kwenye picha, lakini ndiyo mapambo ya mtu mzima.

Na nani atakaa naye? Usinijibu kwamba majirani wapo. Alipoanguka majirani walikuwepo. Kama yeye atabaki Nyamwaga, wewe na Mniko mtafute mtu wa damu anayelala chini ya paa lile, mkubaliane kabla hujarudi kazini. Kama hakuna, basi mwambieni hivyo hivyo, msimwachie nyumba nzuri ya kuanguka peke yake.

Kuhusu Mabula na Imelda, nenda Nyakunguru mwenyewe. Nenda kwa miguu yako, usitume ujumbe. Kama kuna chochote wamewakabidhi, kirudi chote. Umwambie Mabula, "Kosa ni letu, mkeo hana kosa." Atafoka, nawe utasikiliza. Yule Imelda ana moyo ambao wewe na kaka yako mnapaswa kuuonea wivu. Alipoiona hali halisi alikunja matumaini yake akatundika pazia. Mtu kama huyo hafichwi habari hata siku moja zaidi.

Usisubiri mwisho wa mwezi. Mpigie Mniko ukimaliza kusoma hapa. Akikataa kuja, ingia ndani useme peke yako.

BAADAYE

Majuma kadhaa baada ya jibu hilo kutoka gazetini, Scholastica aliandika tena. Kwa ruhusa yake tunaichapa barua yake.

Mama Hilaria, shikamoo tena. Mniko alikuja. Tulikaa na mama kibarazani, na kaka ndiye aliyetakiwa kuanza kama mkubwa, akafungua mdomo akashindwa, mtu mzima yule, nikasema mimi. Nilisema kama ulivyonielekeza.

Mama aliangalia migomba yake. Halafu akauliza, "Wale majirani waliokuja kunipongeza, walikuwa wanajua?"

"Hapana, mama."

"Afadhali." Halafu akasema, "Mlitaka kunikunjia kitanda nikiwa bado nimelala." Akainuka akaingia chumbani kwake. Hakula, hakuongea nasi mpaka kesho yake. Mniko alikaa kwenye ngazi kama mtoto aliyefukuzwa shule, na hakurudi Mwanza ingawa alikuwa ameomba ruhusa kazini ya siku moja tu.

Mama alipotuita alikuwa ameshaosha uso. Akasema hauzi. Akasema atakaa hapa, lakini choo kisogezwe, "na hizo marumaru za kibarazani zitoeni. Juzi nimeteleza." Nikashtuka nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Mlikuwa mmenifurahisha. Sikutaka kuwavunja moyo."

Hapo nililia, Mama Hilaria.

Nikamwambia tutatoa marumaru zote, hata za ndani, turudishe sakafu nyekundu na vitambaa vyake vyote kama zamani. Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Nani amekwambia nazitaka? Vitambaa vile vilinitesa kuvifua. Na hiyo sakafu nyekundu ndiyo iliyoyamaliza magoti yangu, kila Jumamosi nimepiga magoti, nyie mnateleza. Za ndani ziache. Ninadeki nikiwa nimesimama." Miaka yote hiyo, mimi nikikumbuka sakafu ile nilikuwa naona uso wangu tu unaong'aa. Sikuwahi kuyaona magoti ya mama.

Mabula alifoka kama ulivyosema. "Mimi nimetoka mbali, kukosa nakujua," alisema, "lakini sijazoea kuchezewa." Nilisikiliza mpaka alipomaliza. Baadaye mama mwenyewe akamwita, wakaongea peke yao, na Mabula alipotoka alikuwa ameshusha sauti na anamwita mayu, ambalo kwao ni mama. Wamepata kiwanja upande wa pili wa kijiji na wameanza kuchimba msingi. Mniko anawatafutia bati Mwanza kwa mtu anayemwamini. Imelda ananisalimia kwa kifupi. Sijamlaumu, nitakuwepo siku watakapopaka rangi, akinitaka.

Binti wa shangazi yetu, Jenipha, anafundisha shule ya msingi ya hapa na alikuwa anapanga chumba. Amehamia chumba cha nyuma. Sospeter amemwaga saruji, bomba la kushikia lipo, kuta za choo zimefika usawa wa madirisha.

Siku niliyoondoka kurudi Ikoma mama alinisindikiza mpaka barabarani, polepole, amenishika bega. Tukawa tunasubiri gari. Akaniuliza, "Mimi nimefika. Wewe je, utazeekea wapi?"

Nikacheka nikamwambia nitazeekea hukohuko loji, nikitandika vitanda vya wageni. Yeye hakucheka. Alinitengeneza kola ya blauzi kama alivyokuwa akifanya nikienda shule, akangoja mpaka gari ikasimama na begi langu likapakiwa.

"Desemba ukija," alisema, "usije na begi tu. Njoo na kitanda chako."